Denis Burkitt: Daktari Aliyefuatilia Ugonjwa kwa Ramani, na Alama ya Kazi Yake Mkoani Mara

Wanafunzi wa uuguzi wanapoanza somo la epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyotawanyika katika jamii na sababu za mtawanyiko huo, hukutana mapema na swali linaloonekana jepesi: wagonjwa ni wangapi, kati ya watu wangapi, mahali gani na katika muda gani. Katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki ni wachache waliolifuatilia swali hilo kwa uvumilivu kama Denis Parsons Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda kwa miaka 20, na ambaye jina lake limebaki katika aina moja ya saratani ya watoto.

Kazi aliyoianzisha haikuishia Uganda. Ilifika hadi Mkoa wa Mara, katika iliyokuwa Wilaya ya North Mara, eneo ambalo leo limegawanyika kuwa wilaya za Tarime na Rorya. Huko, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto waligawiwa dawa ya malaria ili kujua kama kuipunguza malaria kungepunguza pia saratani hiyo. Maisha ya Burkitt na yaliyofuata baada yake yanaonesha jinsi hesabu ya kawaida, ikifanywa kwa uaminifu, inavyoweza kuokoa maisha.

Utoto na masomo

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya kaunti ya Fermanagh, lakini alijulikana zaidi kwa jambo alilolifanya wakati wa mapumziko. Aliwavisha ndege wadogo wa bustanini pete za chuma miguuni, akawafuatilia mmoja mmoja, kisha akachora ramani inayoonesha mipaka ya eneo la kila ndege. Mwanawe alikua akiliona zoezi hilo nyumbani: kutambua, kuhesabu, kuandika na kuweka alama kwenye ramani.

Akiwa na umri wa miaka 11, Burkitt alipoteza jicho la kulia baada ya kupigwa na jiwe katika ugomvi wa watoto. Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake, lakini muda mfupi baadaye alihamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata sifa ya juu ya udaktari wa upasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimfikisha Afrika kwa njia nyingine: akiwa daktari wa jeshi alitumikia Kenya na Somalia, na akapata nafasi ya kuiona Uganda. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 alipokelewa katika utumishi wa afya nchini humo.

Somo la kwanza: mabusha ya Lango

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika Wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Miongoni mwa wagonjwa waliohitaji upasuaji walikuwa wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwenye kazi nyingi angeweza kuwapasua na kuwarudisha nyumbani bila kuuliza zaidi. Burkitt aligundua kwamba wengi wao walitoka upande wa mashariki wa wilaya. Akaamua kwenda vijijini kuwapima wanaume hukohuko walikoishi, badala ya kutegemea wale waliofika hospitalini.

Matokeo yalionesha tofauti kubwa ndani ya wilaya moja. Upande wa mashariki, takriban wanaume 30 katika kila 100 walikuwa na mabusha. Upande wa magharibi, ni mmoja tu katika kila 100. Mabusha katika ukanda huu husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu, hivyo tofauti ya mazingira ilieleweka kuwa tofauti ya uambukizo.

Katika lugha ya somo la epidemiolojia, alichokipima Burkitt huko Lango ni kiwango cha kuwepo kwa ugonjwa: idadi ya watu wote wenye ugonjwa kwa wakati fulani, wawe wameupata jana au miaka 10 iliyopita, ikigawanywa kwa idadi ya watu wote waliochunguzwa. Kiwango hicho hutofautiana na kiwango cha wagonjwa wapya, ambacho huhesabu wale tu walioanza kuugua katika kipindi maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja. Cha kwanza humsaidia mganga wa wilaya kujua ukubwa wa mzigo alionao leo. Cha pili humwonesha kama mzigo huo unaongezeka au unapungua, na humkaribisha kwenye chanzo.

Watoto wenye uvimbe wa taya

Mwaka 1948 Burkitt alihamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, aliyejulikana kwa utafiti wake kuhusu kwashakoo, alimwita wodini amwangalie mtoto wa kiume aliyekuwa na uvimbe pande zote mbili za uso, taya za juu na za chini. Uvimbe wa namna hiyo haukulingana na jipu wala saratani iliyozoeleka, kwa kuwa ugonjwa wa taya kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, Burkitt aliona mtoto mwingine mwenye hali ileile, na alipompima akakuta uvimbe tumboni pia.

Mgonjwa mmoja ni ajabu. Wawili wanaofanana wanadai uchunguzi. Burkitt alirudi Mulago na kupekua majalada ya zamani. Alikuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya, wa figo, wa ovari au wa ini, waliokuwa wakiandikwa kama wagonjwa wa magonjwa tofauti, mara nyingi walikuwa na uvimbe zaidi ya mmoja, na kwamba ugonjwa ulikuwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha taarifa kuhusu watoto 38. Wataalamu wa maabara wa Kampala baadaye walithibitisha kwamba ilikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za mfumo wa kinga. Kazi hiyo ilirahisishwa na jambo ambalo hospitali nyingi barani wakati huo hazikuwa nalo: daktari Jack Davies alikuwa ameanzisha rejista ya saratani ya Kampala mwaka 1951.

Ugonjwa huo ulikuwa wa kutisha. Uvimbe ulikua kwa kasi, na watoto wengi walifariki ndani ya miezi michache. Upasuaji haukufaa, na Kampala haikuwa na mashine za mionzi. Burkitt, ambaye kazi yake ilikuwa kisu, aliona kwamba kisu hakikuwa jibu.

Safari ya kilomita 16,000

Mgeni kutoka Afrika Kusini alipomweleza kwamba ugonjwa huo haukuonekana kwao, Burkitt alipata swali jipya: mpaka wake uko wapi? Kwa ruzuku ndogo ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha na kuvituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama madaktari waliwahi kuona watoto wa namna hiyo. Kila jibu la ndiyo liliwekwa alama kwenye ramani ukutani. Taratibu ukajitokeza ukanda mpana uliokata katikati ya bara, ukiwa na mkia ulioteremka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Ramani hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja ambao kila anayejaza rejista anapaswa kuujua. Hospitali isiyojibu haimaanishi kwamba ugonjwa haupo. Pengine daktari hajaufahamu, pengine wazazi hawakumpeleka mtoto. Kutokuwepo kwa taarifa ni tofauti na kutokuwepo kwa ugonjwa. Kwa hiyo Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Tanganyika kupata uhuru, Burkitt aliondoka Kampala kwa gari kuukuu, akiwa na madaktari wenzake wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Katika wiki 10 walisafiri takriban maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, kupitia Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa Afrika. Walitembelea zaidi ya hospitali 50, wakionesha picha na kuuliza maswali yaleyale kila mahali, ili majibu yaweze kulinganishwa.

Waliporudi, mpaka wa ugonjwa ulikuwa bayana. Karibu na ikweta, saratani hiyo ilikuwa adimu sana juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyosonga kusini, mpaka huo ulishuka chini zaidi. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi huko Entebbe, aliona kwamba mwinuko ulikuwa ukiwakilisha kitu kingine, nacho ni joto. Ugonjwa ulionekana pale ambapo joto halishuki sana chini ya nyuzi 16 za Selsiasi na mvua inazidi milimita 500 hivi kwa mwaka. Hayo ni mazingira ya mbu.

Ushahidi mwingine uliongeza uzito. Watu waliohamia mabondeni kutoka nyanda za juu, ambako ugonjwa haukuwepo, waliupata wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji. Unguja na Pemba, ambako joto na mvua vingetosha, wagonjwa walikuwa adimu sana. Visiwani humo malaria ilikuwa imepunguzwa kwa upuliziaji wa dawa. Dhana kwamba malaria inayoambukiza mwaka mzima huandaa njia ya saratani hiyo ikaanza kupata nguvu, na mwaka 1969 Burkitt mwenyewe aliitetea kwa maandishi.

Virusi na tiba

Tarehe 22 Machi, 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Epstein aliomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kuwa wameona ndani ya chembe hizo virusi visivyojulikana kabla. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr, na vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Wakati huohuo Burkitt alijaribu dawa za saratani ambazo zilikuwa bado mpya. Kwa uhaba wa fedha na vifaa, alitoa dozi chache kuliko zilizotolewa katika hospitali za Ulaya na Marekani. Hata hivyo baadhi ya watoto waliokuwa na uso uliovimba kiasi cha kutotambulika walipona kabisa. Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha tiba ya limfoma, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Zamu ya Mara

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, lakini swali alilolianzisha liliendelea kutafutiwa jibu. Katika Wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 waliokuwa na afya njema, kisha likasubiri. Taarifa ya mwaka 1978 ilieleza kwamba 14 kati yao walipata limfoma hiyo, na kwamba damu yao ilikuwa na dalili za uambukizo mkali wa virusi vya Epstein-Barr muda mrefu kabla ya kuugua. Idadi hizo mbili, 42,000 na 14, zinaonesha kwa nini ugonjwa adimu hauwezi kupimwa bila kufuatilia watu wengi.

Swali la malaria lilihitaji jaribio la aina nyingine, na North Mara ilikuwa na sifa zinazofaa. Ardhi yake huanzia ufukweni mwa Ziwa Victoria, lenye mwinuko wa mita 1,134, na kupanda hadi milima ya Tarime inayozidi mita 1,500. Mpaka alioutambua Burkitt barani kote ulipita ndani ya wilaya moja. Zaidi ya hayo, madaktari wa Hospitali ya Shirati, ya Kanisa la Mennonite, walikuwa na kumbukumbu za wagonjwa wa limfoma hiyo tangu mwaka 1964. Mwaka 1973 daktari Glen Brubaker wa Shirati na wenzake walichapisha uchambuzi wa miaka ya 1964 hadi 1970, wakitafuta kama wagonjwa walijikusanya mahali pamoja kwa wakati mmoja, kama inavyotokea kwenye mlipuko. Hawakuona dalili hiyo, ingawa utafiti wa awali wa West Nile ulikuwa umeiona.

Mwaka 1977 ulianza ugawaji wa klorokwini kwa watoto, ukaendelea hadi 1982. Jambo lililopimwa lilikuwa wazi: je, kiwango cha wagonjwa wapya wa saratani kitashuka malaria ikishuka? Malaria ilipungua dawa ilipokuwa ikigawiwa, na ugawaji ulipokoma ikarejea. Saratani nayo ilishuka, kisha ikapanda tena baada ya jaribio. Msomaji mwenye haraka angetangaza ushindi. Watafiti walitazama nyuma zaidi katika rejista, wakaona kwamba saratani ilikuwa imeanza kupungua kabla ya kidonge cha kwanza kutolewa. Kwa hiyo taarifa yao ya mwaka 1989 haikudai kwamba malaria imethibitishwa kuwa chanzo. Bila rejista za Shirati za miaka iliyotangulia, kosa hilo lisingeonekana.

Ushahidi uliokusanywa baadaye katika nchi mbalimbali umeimarisha dhana ya Burkitt. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka malaria kali ya maeneo yenye maambukizi ya kudumu katika kundi la visababishi vinavyowezekana sana vya saratani hiyo. Chandarua kinachomkinga mtoto dhidi ya homa huenda kinamkinga pia dhidi ya uvimbe wa taya.

Miaka ya mwisho

Akiwa London, Burkitt aligeukia swali jingine kwa mbinu ileile. Alijiuliza kwa nini baadhi ya maradhi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu katika hospitali za vijijini Afrika. Kila mwezi alikusanya taarifa kutoka hospitali zaidi ya 100, akalinganisha vyakula, na kuwa mtetezi mashuhuri wa vyakula vyenye nyuzinyuzi kama nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu suala hilo kilisomwa na watu wengi duniani. Baadhi ya madai yake yamethibitishwa na mengine bado yanajadiliwa, kwa sababu nchi zinazotofautiana kwa chakula hutofautiana pia kwa mambo mengine mengi. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya sayansi ya Uingereza. Alifariki dunia tarehe 23 Machi, 1993, akimwacha mkewe Olive na mabinti watatu.

Funzo kwa zahanati na vituo vya afya

Urithi wa Burkitt kwa muuguzi wa leo uko katika mgawanyo wa namba mbili. Chukua mfano wa hesabu: hospitali moja imepokea wagonjwa wapya 10 kwa mwaka, na nyingine wagonjwa 4. Ya kwanza inaonekana kuwa na tatizo kubwa zaidi. Lakini ikiwa ya kwanza inahudumia watoto 400,000 na ya pili watoto 80,000, viwango vyake ni 2.5 na 5 kwa kila watoto 100,000. Tatizo ni kubwa maradufu pale palipoonekana padogo. Namba ya juu hutoka kwenye rejista za hospitali. Namba ya chini hutoka kwenye sensa, kama ile ya mwaka 2022 iliyohesabu Watanzania 61,741,120. Ikikosewa mojawapo, kiwango chote hupotoka.

Ndiyo maana safu zinazoonekana ndogo katika vitabu vya MTUHA zina uzito mkubwa. Mtoto kutoka Kewanja, karibu na Mto Mara, anaweza kutibiwa katika kituo kilicho mbali na kijiji chake, ama ng'ambo ya mto katika Wilaya ya Serengeti. Muuguzi akiandika jina la mji wa hospitali mahali pa kijiji anakoishi mgonjwa, mtoto huyo huhamia kwenye ramani, na Kewanja huonekana salama kuliko ilivyo. Umri ukikosewa, ugonjwa wa watoto huchanganyika na wa watu wazima. Tarehe ikikosekana, mgonjwa wa zamani huhesabiwa kuwa mpya.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo unaokua haraka, au meno yanayolegea bila sababu, anapaswa kufikishwa kituo cha afya mapema, kwa kuwa limfoma hii huwa na nafasi nzuri ya kupona tiba ikianza kwa wakati. Na mzazi anapoulizwa dirishani kijiji, kitongoji na umri wa mtoto, ni vyema ajibu kwa usahihi. Majibu ya aina hiyo, yaliyotolewa na wazazi na kuandikwa na watumishi ambao majina yao hayakuhifadhiwa, ndiyo yaliyoijaza ramani ya Burkitt na rejista za Shirati.